Gari la Fahari: Nani Hulipa, Nani Hupanda?

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba bei ni shahidi asiyesema uongo. Kwao gari la shilingi milioni mia nne ni bora mara kumi kuliko gari la shilingi milioni arobaini, na anayethubutu kuihoji hesabu hiyo hujibiwa kwa methali: rahisi ghali. Hoja hii imerudiwa mno maofisini, kwenye mabaraza ya mazungumzo, na hata katika vikao vya kupanga matumizi ya fedha za umma, kiasi kwamba siku hizi hupita bila kupingwa. Makala haya yanakusudia kuipinga.

Tuanze kwa kutenda haki. Methali hiyo ina ukweli wake. Mkulima anunuaye jembe bovu kwa sababu ya bei yake hununua majembe matatu katika msimu mmoja, na mwishowe hulipa zaidi ya jirani yake aliyenunua jembe moja la chuma kizuri. Gari nalo ni hivyo hivyo. Gari la kupeleka chanjo vijijini wakati wa masika, barabara zinapogeuka matope, linahitaji chasisi imara, springi ngumu na injini isiyochoka. Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 70, lililoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambalo watu wetu hulitambua kwa mkonga wake wa kuvutia hewa, si gari la bei ndogo. Viti vyake ni vigumu, kelele zake ni nyingi, na abiria hushuka akiwa na vumbi masikioni. Lakini karibu kila shilingi iliyolipwa kulinunua inafanya kazi. Hicho ni chombo cha kazi, na sisi hatuna ugomvi nacho.

Ugomvi wetu ni na gari la fahari. Bei ya gari la namna hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni bei ya chombo: chuma, mpira, injini, breki, ujuzi wa wahandisi na jasho la wafanyakazi wa kiwandani. Sehemu ya pili ni bei ya jina: nembo iliyobandikwa mbele, na macho ya watu wanaogeuka kuitazama. Sehemu ya kwanza humfikisha mtu aendako. Sehemu ya pili haimsogezi hata hatua moja. Swali la kujiuliza, basi, ni sehemu ipi kati ya hizo mbili inayomeza fedha nyingi zaidi, na fedha hizo ni za nani.

Chasisi moja, majina matatu

Hatuna haja ya kubahatisha, maana viwanda vyenyewe vinatoa ushahidi. Mjini Bratislava, nchini Slovakia, kipo kiwanda kikubwa cha kampuni ya Volkswagen. Kwa miaka mingi kiwanda hicho kimeunda gari liitwalo Volkswagen Touareg na lingine liitwalo Audi Q7, na mabodi ya Porsche Cayenne yalitengenezwa humo kabla ya uundaji wake wote kuhamishiwa hapo mwaka 2017. Magari hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja. Yamejengwa juu ya kiunzi cha aina moja, na vifaa vingi vilivyofichika chini ya bodi yanashirikiana. Lakini yanapofika dukani huachana kama watu wasiojuana. Lenye jina la Porsche huuzwa kwa bei ya juu kupita ndugu zake, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amenunua kitu cha ukoo mwingine kabisa.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Kampuni ya Toyota ilianzisha jina la Lexus mwaka 1989 kwa ajili ya wateja wenye fedha nyingi. Gari kubwa la Lexus liitwalo LX limejengwa juu ya msingi wa Land Cruiser tangu lilipotokea katika miaka ya 1990. Na wale wanaotetemeka wanapoliona jina la Rolls-Royce, wakidhani wanaitazama Uingereza ya wafalme, yafaa wajue kwamba tangu mwaka 2003 magari hayo hutengenezwa chini ya kampuni ya BMW ya Ujerumani, na injini zake za silinda 12 hutoka kwa Wajerumani hao hao.

Msomaji atauliza: je, hakuna tofauti yoyote? Ipo. Ngozi ya viti ni laini zaidi, mbao za dashibodi zimesuguliwa kwa mkono, milango hufungwa kwa sauti ya upole, na kelele za nje haziingii. Hayo ni mambo ya kweli na yana gharama zake. Lakini hakuna mhandisi atakayesimama mbele ya watu na kusema kwamba ngozi laini na ukimya vimegharimu kiasi kilekile kinachoongezwa kwenye bei. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini. Walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ziada hiyo inakwenda wapi? Tuitazame kampuni ya Ferrari ya Italia. Mwaka 2023 iliuza magari 13,663 tu duniani kote, na faida yake halisi ilizidi euro bilioni 1.2. Ukiigawa faida hiyo kwa idadi ya magari, unapata takriban euro 90,000 kwa kila gari. Ni kweli kwamba sehemu ya faida hiyo hutokana na udhamini wa mashindano na mauzo ya bidhaa zenye nembo yake, lakini hata ukiipunguza kwa ajili hiyo, faida inayobaki katika gari moja inatosha kununua magari mapya mawili ya kawaida ya familia huko huko Ulaya. Hiyo si bei ya chuma. Hiyo ni kodi ya ufahari, ambayo mnunuzi hujitoza mwenyewe na kuipeleka kwa wenye hisa.

Mchumi wa Kimarekani Thorstein Veblen aliieleza tabia hii mwaka 1899. Alionyesha kwamba matajiri hununua vitu vingine kwa sababu tu ni ghali, ili gharama yenyewe iwatangazie wengine utajiri wao. Kitu cha namna hiyo kikipunguzwa bei, huwa hakifai tena kwa mnunuzi wake. Anayenunua gari kwa sababu hiyo hanunui usafiri, bali hununua umbali kati yake na binadamu wenzake. Na umbali huo hauna mwisho, kwa kuwa kila mwaka jirani atanunua jipya zaidi.

Hoja ya usalama

Wapo watakaosema kwamba tunasahau usalama. Watatukumbusha kwamba breki zisizofunga magurudumu ziliwekwa katika Mercedes-Benz kubwa mwaka 1978, na kwamba mfuko wa hewa wa kumkinga dereva uliingia katika magari hayo mwaka 1981. Ni kweli, na pongezi ziwaendee wahandisi wale. Lakini leo vifaa hivyo vimo katika magari ya kawaida yanayoendeshwa na walimu na wauguzi. Aliyelipa bei ya juu mwanzoni alilipia haki ya kutangulia. Taifa tajiri linaweza kumudu kutangulia. Sisi tunapaswa kujua faida ya kungoja kidogo na kununua kilekile kwa bei ya wote.

Isitoshe, kifaa kilichookoa maisha ya watu wengi kuliko vyote hakikuzaliwa na tamaa ya fahari. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden alibuni mkanda wa usalama unaoshika mwili katika sehemu tatu, bega na kiuno. Kampuni hiyo ingeweza kuufungia uvumbuzi huo kwa hati ya haki miliki na kuugeuza kuwa anasa ya wachache. Badala yake iliuacha utumiwe na watengenezaji wote. Leo mkanda huo umo katika gari la waziri na katika gari la mitumba lililotoka Japani, na unafanya kazi ileile katika yote mawili, ilimradi mwenye gari akubali kuufunga.

Tena, nguvu nyingi inayolipiwa haina mahali pa kutumika. Sheria yetu imeweka mwendo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Gari lililoundwa kwenda kilometa 250 kwa saa litasimama katika foleni ya Barabara ya Morogoro sambamba na daladala na bajaji, likichoma mafuta zaidi kuliko yote yaliyolizunguka. Na siku litakapoharibika, fundi wa Gerezani aliyeweza kufufua Corolla ya miaka 20 kwa spana na akili yake atainua mikono, kwa kuwa gari hilo haliguswi bila kompyuta ya aliyelitengeneza na kipuri kinachoagizwa ng'ambo. Mwenye gari la kawaida hununua gari mara moja. Mwenye gari la fahari hulinunua tena kila linapoingia gereji.

Fedha zinapokuwa za umma

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtu na mfuko wake. Jambo huwa zito zaidi mfuko unapokuwa wa umma, maana hapo anayelipa siye anayepanda.

Papua New Guinea ni nchi ya wakulima kama yetu. Mwezi Novemba 2018 ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za Asia na Pasifiki mjini Port Moresby. Serikali yake ikaagiza magari 40 ya Maserati kutoka Italia, kila moja kwa zaidi ya dola za Marekani 100,000, nayo yakaletwa kwa ndege. Mwaka ule ule ugonjwa wa polio ulikuwa umerejea nchini humo baada ya miaka 18. Wananchi waliponung'unika, waliambiwa watulie: mkutano ukiisha, magari yatagombewa na wanunuzi na fedha zote zitarudi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, yalikuwa yameuzwa magari mawili tu, na mengine yalitangazwa kwa bei ya kupunguzwa. Waziri wa fedha wa wakati huo alikiri hadharani kwamba ununuzi ule ulikuwa kosa. Hapo ndipo thamani ya jina ilipojulikana: mgeni alipoondoka, jina lilikosa mnunuzi, na deni likabaki kwa mwenyeji.

Afrika haina haki ya kuwacheka. Katika miaka ya 1960, mara baada ya uhuru, wananchi wa Afrika Mashariki walibuni kabila jipya na kuliita Wabenzi. Kabila hilo halikuwa na mila wala lugha yake. Alama yake ilikuwa nyota ya ncha tatu mbele ya gari. Jina lile lilikuwa la dhihaka, lakini ndani yake mlikuwa na hukumu. Nchini Kenya, serikali iliyoingia madarakani mwanzoni mwa mwaka 2003 kwa ahadi ya kufagia ufisadi ilitumia zaidi ya shilingi za Kenya milioni 870 kununua magari ya kifahari kabla mwaka 2004 haujakwisha. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2006 na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo, pamoja na shirika la Transparency International. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaagiza mawaziri warudishe magari makubwa na kupanda magari ya injini isiyozidi lita 1.8. Kazi za serikali ziliendelea kama kawaida, na wala hakuna faili lililopotea kwa sababu waziri alishuka kutoka gari dogo. Kilichojeruhiwa kilikuwa kiburi, na ndiyo maana wapo waliosita kurudisha funguo.

Nasi Tanzania tunalo la kwetu. Lugha yetu, ambayo haikosi jicho kali, iliyapa magari makubwa ya viongozi jina la mashangingi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, alipokuwa madarakani kati ya mwaka 2008 na 2015, aliyakemea waziwazi. Mwezi Juni 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alilieleza Bunge kusudio la kuwakopesha magari watumishi wenye stahili, badala ya Serikali kuwanunulia, kuyatia mafuta na kuyatengeneza. Maana ya pendekezo hilo yaonekana dhahiri: mtu akilipa mwenyewe, ghafla huona kwamba gari dogo nalo lina magurudumu manne.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikutaja aina ya magari. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini ndani ya Azimio hilo mlikuwa na fundisho jingine ambalo halikulegezwa na mtu, kwa sababu ni hesabu tupu. Lilitukumbusha kwamba fedha za kigeni hutumika zaidi mijini, ilhali wanaozilipa ni wakulima wa vijijini. Kila dola iliyonunua shangingi ilipatikana kwa korosho ya Mtwara, kahawa ya Kagera, tumbaku ya Tabora, pamba ya Simiyu au dhahabu ya Geita. Yule mama aliyeinama shambani tangu alfajiri ndiye mnunuzi wa gari lile, ingawa hajui rangi ya viti vyake. Hapo ndipo bei ya jina hugeuka kuwa mrija.

Tumewahi kuyajua haya kwa uchungu. Bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne kati ya mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974, nchi yetu ililazimika kubana matumizi, na ikafika wakati ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mwaka 2023 tena wafanyabiashara wetu walihangaika kutafuta dola za kuagizia bidhaa. Taifa ambalo limeyapitia hayo mara mbili halina udhuru wa kutumia fedha za kigeni kulipia nembo.

Heshima ya nchi

Hoja ya mwisho ya watetezi wa fahari ndiyo wanayoipenda kuliko zote: kwamba kiongozi akipanda gari la kawaida, nchi itadharauliwa. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Nani aliidharau Tanzania kwa sababu Rais wake alikuwa na vumbi miguuni? Nchi hudharauliwa kwa madeni yasiyolipika, na kwa wagonjwa wanaobebwa kwenye machela za miti huku magari ya umma yakingoja nje ya kumbi za sherehe.

Atatokea mtu na kusema: lakini mimi si kiongozi, fedha ni zangu, nimezitafuta kwa haki na kodi nimelipa. Mtu huyo hatumwiti mwizi. Tunamwambia mambo mawili tu. La kwanza, amelipia jina zaidi ya chombo, na akilitambua hilo na bado akaridhika, hiari ni yake. La pili, anapodai barabara, bandari na dola za kumletea jina hilo, asishangae taifa likimtoza ushuru mkubwa kuliko anayeagiza trekta au gari la wagonjwa. Ushuru huo ni wa haki, kwani anayetaka kujitenga na wenzake hana budi kuilipia tofauti hiyo.

Na tusidhani kwamba hatuna mfano wa kufuata. Mwaka 2022 ulizinduliwa rasmi kitaifa mpango wa m-mama. Mama mjamzito aliyepatwa na dharura, au muuguzi anayemhudumia, hupiga simu namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, huitwa dereva wa kijijini mwenye gari lake la kawaida, aliyekwisha kuandikishwa na kupewa mafunzo, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama hospitali. Magari yale yana viti vilivyochakaa na madirisha ya kuzungushwa kwa mkono. Hakuna anayegeuka kuyatazama. Lakini ukiuliza gari lipi lina thamani kuliko bei yake katika nchi hii, jibu ni lile lililofika saa nane za usiku mlangoni pa mama aliyekuwa akivuja damu.

Vivyo hivyo mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, pamoja na msongamano na malalamiko yake ambayo lazima yarekebishwe, na treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024. Chombo kimoja hubeba mamia ya watu, na kila mmoja hulipa kiasi anachokimudu. Fedha ya kigeni iliyotumika hapo imenunua mwendo kwa wengi.

Basi kila ofisi ya umma inayotaka kununua gari na ijibu maswali matatu kwa maandishi, na majibu yabandikwe mahali wananchi wanapoweza kuyasoma. Gari hili litafanya kazi gani ambayo gari la nusu ya bei haliwezi kuifanya? Litatengenezwa na nani, wapi, na kwa vipuri vya bei gani katika muda wa miaka 10? Na litakapouzwa, ni nani atakayelinunua, kwa kiasi gani? Mwenye kuhitaji Land Cruiser la kuvukia mito atajibu kwa urahisi, na apewe haraka. Anayehitaji nembo ya kuegesha mbele ya hoteli atashindwa katika swali la kwanza, na fedha alizoomba zipelekwe kwa yule dereva wa kijijini, ambaye usiku huu huu huenda simu yake ikalia.